UTI kwa wanaume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ukurasa huu ni wa wanaume wa Unguja na Pemba wanaokojoa kwa maumivu, kwa kujikamua, au wanaoamka usiku mara nne kwenda haja ndogo. Ni wa wake na watoto wao pia, maana aghlabu hao ndio wanaowasukuma mpaka hospitali.

UTI si maradhi ya wanawake?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, na sababu ni maumbile. Njia ya mkojo ya mwanamke ina sentimita 4 hivi, ya mwanamme inakaribia 20. Bakteria, mara nyingi E. coli anayeishi kwenye utumbo wa mtu mwenyewe, ana safari ndefu ya kupanda hadi kibofuni, na kila mkojo unapotoka humrudisha nje. Kwa hiyo akishafika na akakaa, suali la kwanza si "dawa gani?" bali "nini kimemwezesha kukaa?"

Jibu la kawaida ni kwamba mkojo haumaliziki kutoka. Maji yanayopita hayaoti ukoga, yaliyotuama mtungini ndiyo yanayoota. Kinachouzuia hubadilika na umri: kwa mtoto ni kasoro ya kuzaliwa, kwa kijana ni kovu ndani ya njia ya mkojo (au si UTI kabisa, ni ugonjwa wa zinaa), na baada ya miaka 50 ni kukua kwa tezi dume (tezi ya mwanamme iliyo chini ya kibofu). Vijiwe, kisukari, kichocho na mpira wa mkojo (mrija unaopitishwa mpaka kibofuni kuutoa mkojo) havichagui umri.

Nimeambiwa nina "UTI sugu". Dawa gani ni kali zaidi?

"UTI sugu" si jina la ugonjwa. Ni neno la dukani, na limewagharimu watu fedha nyingi. Mwanamme anayerudi na dalili zile zile mara ya tatu hahitaji dawa kali kuliko ya mwanzo. Anahitaji kujua yumo kwenye kundi gani kati ya haya.

Kuna ambaye hakuwa na UTI tangu mwanzo. Alipimwa mkojo kwa hadubini, zikaonekana chembe chache za usaha, akaandikiwa sindano tano. Chembe za usaha peke yake zinaonyesha kuna mwasho mahali fulani, hazisemi ni bakteria.

Kuna aliyekuwa nayo kweli, lakini dawa ilikuwa ya siku tatu, kama wanavyopewa wanawake, au bakteria wake hawasikii dawa ile. Huyu anahitaji mkojo uoteshwe maabara, ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu.

Kuna ambaye bakteria wamejificha ndani ya tezi dume. Akinywa dawa hupata nafuu wiki mbili tatu, kisha huyo huyo bakteria hurudi. Dalili yake ni maumivu mazito kati ya korodani na njia ya haja kubwa, au maumivu wakati wa kutoa manii. Dawa nyingi hazipenyi kwenye tezi hiyo, ndiyo maana matibabu yake ni ya wiki 4 hadi 6, si siku 5.

Na kuna mwenye kizuizi au kijiwe. Huyu hata ukimpa dawa zote za dunia atarudi, kwa sababu kijiwe kwa bakteria ni kama jiwe la mwamba kwa chaza: wanakigandia, dawa inapita juu. Hapa ndipo ultrasaundi ya figo, kibofu na tezi dume, pamoja na kupima mkojo unaobaki baada ya kukojoa, inapokuwa na thamani kuliko chupa kumi za sindano.

Mkojo wa kupima nautoaje?

Kosa moja hapa huharibu kila kitu kinachofuata, kwa hiyo soma polepole.

Toa kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Hata dozi moja inaweza kufanya bakteria wasiote. Omba kikopo cha maabara. Chupa ya asali au ya dawa ya kikohozi, hata uioshe vipi, haifai. Nawa mikono, osha kichwa cha uume kwa maji safi na ukifute. Anza kukojoa chooni kwa sekunde tatu nne, kisha bila kukata mkojo pitisha kikopo kikinge wa katikati, nusu ya kikopo inatosha. Wa mwisho umalizie chooni. Usiguse ndani ya kikopo wala kifuniko.

Mkojo ufike maabara ndani ya saa 2. Ukikaa kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya bodaboda na jua la saa 7, bakteria wawili watatu wa ngozi wanazaana na majibu yanatoka kwamba una maambukizi makubwa. Kama huna namna, uweke kwenye friji (si friza) na upelekwe siku hiyo hiyo.

Mambo mawili yana utaratibu wao. Kisonono na klamidia hutafutwa kwenye mkojo wa mwanzo kabisa, si wa katikati, na uwe umekaa saa moja au zaidi bila kukojoa. Kichocho kinatafutwa mchana, tutakifikia.

Chembe za usaha ni nyingi lakini hakuna bakteria aliyeota. Vipi?

Kwanza jiulize kama ulishakunywa dawa. Ikiwa hukunywa, daktari atafikiria klamidia, kijiwe, kichocho, na kifua kikuu cha figo. Hiki cha mwisho husahaulika sana, kwa sababu watu wanadhani kifua kikuu ni cha kifua tu. Bakteria wake haoti kwenye kipimo cha kawaida. Anatafutwa kwa mkojo wa asubuhi wa siku tatu mfululizo.

Dawa nimeze siku ngapi?

UTI ya kibofu bila homa kwa mwanamme: kwa kawaida siku 7. Ikiwa kuna homa na maumivu ya kiuno: siku 7 hadi 14. Tezi dume iliyoshika moto ghafla: wiki 2 hadi 4. Maumivu kuisha siku ya tatu si ruhusa ya kumuachia ndugu yako vidonge vilivyobaki.

Nitrofurantoini ni nzuri kwenye kibofu, lakini haifiki vya kutosha kwenye tezi dume wala figo, kwa hiyo mwenye homa haimtoshi. Tena wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao wapo wengi katika watu wa pwani yetu, dawa hii na zile za salfa zinaweza kuwavunja damu. Ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi na macho ya manjano baada ya kuanza dawa, acha na urudi hospitali.

Siprofloksasini hupenya vizuri kwenye tezi dume, lakini inashikana na maziwa, mtindi, dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu, kisha inatoka nayo chooni bila kufanya kazi. Imeze saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baadaye. Maumivu ya ghafla nyuma ya kisigino ukiwa unaitumia yanataka uache na umwone daktari, khasa ukiwa umepita miaka 60 au unatumia dawa za steroidi.

Nikishamaliza kukojoa na kutawadha, matone yanatoka kwenye kikoi. Ni UTI?

Mara nyingi si UTI, na hili linawasumbua wengi kwa ajili ya udhu. Njia ya mkojo ya mwanamme ina kona nyuma ya korodani. Mkojo kidogo hubaki pale, na ukisimama au ukipiga hatua unateremka.

Ukimaliza, subiri kidogo. Weka vidole vitatu vya mkono wa kushoto nyuma ya korodani, bonyeza taratibu na uvute mbele kuelekea shina la uume. Rudia mara mbili, kisha tikisa, tawadha. Mtu akifanya hivi vizuri, mara nyingi matone hupungua au hukoma. Kukamua kichwa cha uume kwa nguvu mara ishirini hakusaidii. Kunachubua ndani, panauma, na mtu anaamini amepata UTI.

Tezi dume ikikua ni saratani?

Hapana, ni vitu viwili tofauti, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote. Kukua kwa kawaida kunabana njia ya mkojo kama mkono unaobana mpira wa kumwagilia. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatika, na unahisi haujaisha. Kujikamua kwa muda mrefu kunaweza hata kuongeza ngiri, na ngiri ikafanyiwa upasuaji huku chanzo kimeachwa.

Kabla ya kwenda kwa daktari, weka daftari siku tatu. Chukua jagi lenye alama, kila ukikojoa andika saa na ujazo. Mzee anayeamka mara nne na kutoa mililita 80 kila mara ana shida tofauti na anayetoa mililita 400 kila mara. Wa kwanza kibofu hakimaliziki au kimewashwa. Wa pili mwili wake unatengeneza mkojo mwingi usiku, na inabidi kuangalia sukari, moyo, na chai anayokunywa baada ya Isha.

Daktari atapima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ni jambo la nusu dakika, na kulikataa kwa haya ndiko kunakochelewesha saratani kugunduliwa. Kipimo cha damu cha PSA, kinachoangalia tezi dume, usikifanye ukiwa na UTI: maambukizi yanaipandisha sana, na utaambiwa mambo ya kukutisha bure. Subiri wiki 6 hadi 8 baada ya kupona.

Tamsulosini (miligramu 0.4, mara moja kwa siku baada ya chakula) inalegeza shingo ya kibofu ndani ya siku chache. Siku za mwanzo inuka kitandani polepole, inateremsha presha. Ukiwa unakwenda kufanyiwa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba unaitumia. Finasteridi inapunguza tezi yenyewe, lakini uipe miezi 6, na ujue inapunguza namba ya PSA karibu nusu.

Dawa za miti? Hatuna ugomvi na mganga. Ila mkojo ukibaki kibofuni unarudi nyuma na kuua figo kimya kimya, kwa hiyo anayetumia miti apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) na mkojo unaobaki. Ukibaki zaidi ya mililita 300, muda wa kujaribu umekwisha.

Mkojo umekataa kabisa kutoka. Nifanye nini usiku huu?

Nenda hospitali sasa hivi, usiku huo huo. Usinywe maji "kuusukuma". Unakijaza kibofu kilichokwisha jaa. Mara nyingi kilichochochea ni dawa ya mafua yenye kuzibua pua au klorofeniramini (dawa ya mzio), choo kigumu cha siku kadhaa, au UTI yenyewe.

Utawekewa mpira, kwa kawaida wa saizi 14 au 16. Kuna hatua moja ambayo hata ndugu wa mgonjwa wanafaa kuijua: puto la mpira (kijifuko cha nchani kinachoushikilia kibofuni) halijazwi mpaka mkojo uonekane unatoka. Likijazwa likiwa bado ndani ya njia ya mkojo linapasua, na kovu lake ndilo linalomrudisha mtu miaka ya mbele akiwa na mkojo mwembamba kama uzi. Mpira ukikataa kuingia usikubali usukumwe kwa nguvu. Kuna njia ya kutoboa chini ya kitovu.

Mpira wa mkojo nautunzaje, na sala je?

Mfuko ukae chini ya kibofu daima, lakini usiguse sakafu. Umwage ukifika theluthi mbili. Osha panapoingilia mpira kwa sabuni na maji kila siku na ukauke. Mpira wa kawaida wa raba ubadilishwe kabla ya wiki 4, wa silikoni unaweza kufika wiki 12. Puto hujazwa maji safi ya sindano, si ya chumvi, maana chumvi huganda na puto likakataa kutoka.

Mkojo wa mwenye mpira utakuwa na bakteria baada ya wiki chache, lazima. Ukungu na harufu peke yake havitibiwi. Kinachotibiwa ni homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno, au mzee kuanza kuweweseka. Hapo mpira wa zamani unatolewa, unawekwa mpya, na mkojo wa kuotesha unachukuliwa kwenye huo mpya, kamwe si kwenye mfuko.

Kwa sala, mwenye mpira ana hukumu ya mwenye hadathi ya kudumu: kwa madhehebu ya Shafi hutia udhu baada ya wakati kuingia, kwa kila faradhi. Mengine muulize sheikh wako. Sisi tunaomba kitu kimoja tu, usiufunge mpira kwa kamba ili mkojo usishuke ukiwa msikitini.

Nakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Nilioga sana mtoni nilipokuwa mdogo.

Basi fikiria kichocho kabla ya UTI. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi. Mayai hukwama kwenye ukuta wa kibofu. Pemba, yenye vijito na mabonde ya mpunga kila upande, na kaskazini na kati Unguja ndiko kulikokuwa na shida kubwa. Bahari haina kichocho. Kuanzia 2012 ulifanyika mpango mkubwa wa kukitokomeza visiwani, dawa ikigawiwa skuli na majumbani, na maambukizi yameshuka sana. Lakini makovu ya zamani hayafutwi na dawa.

Mkojo wa kipimo hiki utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo: mwenye kilo 60 ni vidonge 4 vya miligramu 600, kwa pamoja, baada ya kula. Antibiotiki haiui kichocho hata kimoja.

Mtu mzima mwenye damu kwenye mkojo, hata ikija siku moja na kupotea, hata bila maumivu, aangaliwe kibofu kwa kamera. Kichocho cha muda mrefu kinaweza kuleta saratani ya kibofu, na kinaweza kubana mirija inayotoka kwenye figo. Sigara nayo huleta saratani hiyo.

Vijiwe vinatoka wapi?

Kwenye mkojo mzito. Mvuvi anayeshinda juani kutoka alfajiri na mchumaji karafuu anayekaa juu ya mti bila kunywa, wote wawili mkojo wao unakuwa wa manjano iliyokoza, na chumvi zinaganda. Kipimo ni rangi: kunywa mpaka uwe mweupe au manjano hafifu, ufikie lita 2 hadi 2.5 za mkojo kwa siku. Ndimu kwenye maji inasaidia. Ng'onda na vyakula vya chumvi nyingi vipungue. Maziwa usiache, kinyume na wanavyosema watu. Maumivu ya ubavu yanayoshuka kinenani pamoja na homa ni dharura: ni usaha uliofungiwa nyuma ya jiwe.

Kijana wangu ana maumivu ya korodani ya ghafla.

Usingoje asubuhi. Korodani iliyojinyonga ina saa 6 hivi kabla ya kuanza kufa. Ikiwa maumivu yamekuja taratibu kwa siku mbili tatu, na kuna usaha unaotoka, yaelekea ni maambukizi ya zinaa. Hapo na mwenzake atibiwe, la sivyo maradhi yanarudi kama mpira uliopigwa ukutani. Lakini uamuzi huo ni wa daktari.

Mtoto wa kiume anakojoa kwa kudondosha, si kwa kuruka.

Apelekwe akiwa bado mchanga. Wapo wanaozaliwa na vijiwambo ndani ya njia ya mkojo, na figo zao huharibika kabla hawajajua kusema.

Nina homa na baridi, nimeandikiwa "malaria na UTI" pamoja.

Omba uone majibu ya vipimo vyote viwili. Malaria Zanzibar imepungua mno, na homa ya mwanamme mwenye maumivu ya kiuno au mkojo unaochoma ni ya figo au tezi dume mpaka ithibitishwe vingine. Kama unatapika, unatetemeka au presha imeshuka, matibabu yako ni ya mshipa, wodini.

Kisukari kinahusika?

Sana. Sukari hudhoofisha kinga na mishipa ya fahamu ya kibofu, kibofu kikajaa bila mwenyewe kuhisi. Kojoa kwa saa, kila saa 3 au 4, usisubiri kusikia.

Ramadhani nafungaje na dawa?

Mwambie daktari mapema akupe dawa ya mara mbili kwa siku, futari na daku. Kama ni siprofloksasini, fungua kwa tende na maji, meza, na uji wa maziwa uache mpaka saa 2 zipite. Maji yagawanye kutoka futari hadi daku, bilauri moja kila saa. Lita mbili kwa mpigo wakati wa daku zinatoka zote kabla ya saa 2 asubuhi. Mwenye homa ya figo, mwenye kijiwe kinachouma, na aliyewekewa mpira wiki hii hawafungi, watalipa.

Natoka Pemba kwenda kumwona daktari wa njia ya mkojo Unguja. Nichukue nini?

Chukua majibu yote ya zamani, hata yaliyokunjika, na maboksi ya dawa ulizotumia, si majina ya kukumbuka. Chukua lile daftari la siku tatu. Kama umewahi kuwekewa mpira, kuanguka kwa kutanua miguu juu ya boriti au ngalawa, au kutibiwa kisonono ujanani, liseme hilo kabla hujaulizwa, kwani kovu la njia ya mkojo linahitaji picha ya eksirei yenye dawa, na si kila daktari atalifikiria. Ukishuka kwenye boti usikimbilie choo cha bandarini ikiwa miadi ni asubuhi hiyo na mkojo unaweza kuuzuia: kunywa bilauri mbili za maji saa moja kabla ya ultrasaundi, uingie na kibofu kimejaa, kisha utaambiwa ukakojoe na urudi kupimwa kilichobaki.